Mseto si Nusu Mkate

Ukimwambia kijana wa Kisii mjini "mseto", huenda akafikiria kile kipindi cha muziki cha Citizen. Mamake atakumbuka serikali. Mpishi wa Mombasa naye atafikiria chakula.

Mpishi ndiye yuko karibu na asili. Neno linatokana na kitenzi "seta", yaani kuponda kitu mpaka kilainike. Mseto ni mchele na choroko kwenye chungu kimoja, vikapikwa na kupondwa hadi huwezi tena kuchambua kipi ni kipi.

Siasa ililichukua neno hilo kutoka jikoni. Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia sahihi mkataba mbele ya Kofi Annan, baada ya vurugu zilizoua zaidi ya watu 1,100. Aprili, mawaziri 40 wakatangazwa. Redio na magazeti yakaiita serikali ya mseto. Mtaani ikaitwa nusu mkate.

Gusii ilipata vipande viwili. Sam Ongeri wa Nyaribari Masaba alipewa Elimu kwa upande wa Kibaki. Chris Obure wa Bobasi, mbunge wa ODM, akapewa Ujenzi wa Umma. Juu kule hesabu ilikuwa sawa.

Sasa shuka hadi Borabu, Nyamira, mpakani na Sotik. Mapema 2008 Abagusii na Wakipsigis walishambuliana huko. Nyumba zikachomwa, familia zikahama. Hawa hawakuwa na wizara ya kugawana. Walikuwa na mpaka mmoja na soko moja, Chepilat, na ilibidi waangaliane tena usoni wakiuziana mahindi na ng'ombe.

Ndio maana naona mtaa ulisema ukweli kuliko magazeti. Mkate hukatwa kwa kisu, kila mtu akaondoka na kipande chake. Mseto unataka moto, muda na mwiko, na hakuna punje inayobaki vile ilikuwa.

Tarehe 9 Machi 2018 likaja neno jingine, handisheki. Hapo hata chungu hakikuhitajika, mikono miwili tu.

Basi wakikutangazia mseto mwingine, usihesabu mawaziri kwanza. Uliza watu wa Chepilat kama kuna kitu kimepikwa.