Stesheni ya Kamwenge na Mteja Wake Mmoja

Sisi tuliofika Rwamwanja kuanzia 2012 tunaijua Kamwenge kama mji wa soko, wa bodaboda na wa ofisi za wilaya. Ukimwambia kijana kwamba treni ilikuwa inasimama pale, anacheka. Lakini ilisimama.

Reli ya magharibi ilitoka Kampala, ikapita Mityana na Kamwenge, ikashuka bondeni, ikavuka kinamasi cha mafunjo karibu na Ziwa George na kufika Kasese mwaka 1956. Ni kama kilomita 330. Abiria walipanda, wakulima walipakia magunia, lakini reli haikujengwa kwa ajili yao. Ilijengwa kwa ajili ya shaba ya Kilembe, kwenye milima ya Rwenzori. Shaba ilipelekwa Jinja kuyeyushwa kwa umeme wa bwawa la Owen Falls, halafu ikaendelea hadi Mombasa. Kamwenge ilikuwa njiani tu.

Wazee wengine husema Amin ndiye aliiua reli. Ni kweli alivuruga mengi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilivunjika, na shirika moja la reli likagawanywa kati ya nchi tatu. Ila pigo kubwa lilitoka mgodini: mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kilembe iliacha kutoa shaba. Treni ikabaki bila mzigo wake mkubwa, huku malori yakichukua mizigo midogo. Ikajikokota hivyohivyo, mpaka miaka ya 1990 ikakoma.

Miaka hiyohiyo Rwamwanja nayo iliachwa. Ilikuwa imefunguliwa 1964 kwa wakimbizi wa Rwanda, na wengi wao wakarudi kwao baada ya 1994. Halafu tukaja sisi kutoka Kivu.

Naandika haya kwa sababu makazi yetu nayo yana mteja mmoja, yaani msaada. Posho ikipunguzwa, muuza samaki analala njaa, fundi cherehani hana kazi, hata mwenye boda anakaa kijiweni tu. Tumeona hiyo kwa macho.

Tofauti ni kwamba sisi tuko na mahindi na maharage, na malori yanakuja kuyachukua. Lakini kila mmoja anauza peke yake, gunia moja moja, kwa bei ya mwenye lori. Tukiweka mazao pamoja, tutakuwa na la kujadili naye. Stesheni haikuweza kujitafutia mteja wa pili. Sisi tunaweza.