Omugaati, Ssukaali na Ndiizi: Historia ya Kiswahili Katika Majiko ya Uganda

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huwauliza wanafunzi wetu wapya swali moja: Kiswahili kiliingiaje Uganda? Majibu huwa hayatofautiani sana. Kiliingia na bunduki. Ni lugha ya wanajeshi, ya vizuizi vya barabarani, ya wezi waliokuwa wakigonga milango usiku. Mwanafunzi mmoja aliwahi kutuambia kwamba bibi yake alikuwa akisikia Kiswahili tu, anazima taa. Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu bibi huyo hakukosea. Alichokiona alikiona.

Hata hivyo, wanafunzi haohao huwa wamekwishatamka maneno matano au sita ya Kiswahili kabla ya kufika darasani, nayo hayana uhusiano wowote na bunduki. Wameamka, wameweka ebbinika motoni, wamekunywa caayi mwenye ssukaali, wakakoroga kwa ekijiiko na kula omugaati mezani. Birika, chai, sukari, kijiko, mkate, meza. Hakuna aliyezima taa. Ndiyo sababu muhula uliopita tuliwatoa darasani kwa siku moja, tukawapeleka kwenye bekari ndogo mjini Kampala, kisha jioni tukapika vitu vitamu sisi wenyewe. Makala haya yametokana na safari hiyo.

Tuanze na mkate. Katika Luganda unaitwa omugaati, na katika Kinyarwanda umugati. Warundi husema umukate, na Wakongo wa mashariki mukate. Ukiyaweka majina hayo juu ya ramani, utaona yanafuata njia za misafara ya karne ya 19: kutoka Bagamoyo hadi Tabora, kutoka Tabora hadi Ujiji na ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na tawi jingine likipanda kaskazini kupitia Karagwe hadi Buganda. Mfanyabiashara wa pwani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika katika ikulu ya Buganda ni Ahmed bin Ibrahim, mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suuna II. Huko Tabora Waarabu walikuwa wakilima ngano yao kwa ajili ya mikate, na wasafiri wa Ulaya waliopita hapo waliikuta mezani. Ngano yenyewe Waganda huiita eŋŋaano.

Ikumbukwe kwamba Buganda haikuwa nchi ya njaa iliyokuwa ikisubiri mkate. Ilikuwa na matooke. Mpaka leo Mganda akisema emmere, yaani chakula, mara nyingi anakusudia matooke yaliyopikwa kwa majani ya mgomba, na vingine vyote ni vya kusindikizia. Katika Sala ya Bwana, pale ambapo Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili humwomba Mungu mkate, Waganda humwomba emmere. Lakini katika kisa cha mikate mitano na samaki wawili, Biblia ya Luganda husema emigaati. Mfasiri alijua kupima: panapohitajika riziki, neno la nyumbani, panapohitajika kitu chenyewe kilichokandwa na kuokwa, neno la wageni.

Na wafasiri hao walikuwa na sababu ya kulifahamu neno hilo. Mutesa I alizungumza Kiswahili. Stanley alipoondoka Buganda mwaka 1875, alimwacha kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, ili amsomee Kabaka maandiko, na kazi hiyo ilifanyika kwa Kiswahili. Wamisionari wa CMS walifika mwaka 1877 na Mapadri Weupe mwaka 1879, wote wakaanza kwa lugha hiyohiyo kabla ya kuijua Luganda. Kwa hiyo, miaka mingi kabla ya mwanajeshi yeyote kusimamisha gari barabarani, Kiswahili kilikuwa kikisomwa ikulu.

Tulipofika bekari, mwokaji alitupokea akiwa na unga hadi kwenye nyusi. Tulimwomba atutajie vitu vyake kwa majina anayoyatumia kila siku. Akaanza: eŋŋaano, ssukaali, omunnyo, na ekizimbulukusa. Wanafunzi waliokuwa wakiandika wakasita. Hilo la mwisho ni hamira, nalo si la Kiswahili hata kidogo. Limetokana na kitenzi cha Luganda chenye maana ya kuumuka. Sisi watu wa pwani na wanafunzi wao ndio tuliokopa: hamira ni Kiarabu, na tanuri pia ni Kiarabu. Wenzetu walikopa jina la mkate wakabaki na jina lao la kinachouumua. Mwokaji mwenyewe hakuona ajabu yoyote. Alisema tu kwamba lisipozimbulukuka, hakuna biashara, akarudi kwenye meza yake.

Kuna furaha katika bekari ambayo haielezeki kwa mtu aliyezoea kununua mkate uliofungwa kwenye nailoni dukani. Joto linakupokea mlangoni. Harufu inakuja kabla ya kitu chenyewe, na trei zinapotolewa watu wazima hunyamaza kama watoto. Tulikula hafukeki zikiwa bado za moto, jambo ambalo mwokaji alilikataza waziwazi, na ni kweli kwamba zilituunguza.

Unga wa ngano ulipokuwa mgumu kupatikana, mkate ulibaki kitu cha wachache. Mambo yalibadilika reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli zikawa zinavusha mizigo ziwani. Kampala yenyewe ilifikiwa na reli mwaka 1931. Pamoja na unga walikuja wafanyabiashara Wahindi, na vyakula vyao vikaingia mitaani: chapati, sambusa, bagia. Hapa mwalimu awe mwangalifu. Mwanafunzi wa Kampala akisoma bagia katika kitabu cha Dar es Salaam, anafikiria vijiti vikavu vya kutafuna, wakati mwandishi anakusudia vidonge laini vya dengu au kunde. Neno moja, sahani mbili.

Sukari ina historia ndefu zaidi, na chungu zaidi. Neno tulilipata kwa Waarabu, nao kwa Waajemi, nao kutoka Bara Hindi. Katika karne ya 19 miwa ya pwani yetu ililimwa Pangani, na waliolima walikuwa watumwa. Misafara iliyoleta neno mkate Buganda ndiyo iliyoondoka na pembe za ndovu na watu. Tunawaambia wanafunzi jambo hili bila kulipamba, kwa sababu tusingependa waondoke wakidhani kwamba tumewapa historia tamu ili wasahau ile chungu.

Hapa Uganda kiwanda cha sukari cha Lugazi kilianzishwa na Nanji Kalidas Mehta mwaka 1924, na cha Kakira, cha Muljibhai Madhvani, kilianza mwaka 1930. Busoga kukawa na viwanda vidogo vya sukari guru pia. Hilo guru ni la Kihindi, ndilo jina lao la sukari isiyosafishwa. Polepole kikombe cha chai yenye sukari kikawa alama ya nyumba inayojiweza, na mgeni akihesabiwa vijiko alijua amepokewa vipi.

Mnamo Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke katika muda wa siku 90. Wenye viwanda wakaondoka, uzalishaji ukaporomoka, na sukari ikawa bidhaa ya foleni na vibali. Ndipo Kiswahili kilipotoa maneno mawili ambayo Waganda hawajayasahau. La kwanza ni magendo, jina la biashara yote iliyofanyika mlango wa nyuma, na sukari ilikuwa miongoni mwa bidhaa zake kuu. La pili ni mafuta mingi, jina la waliogawiwa maduka na viwanda vya waliofukuzwa. Kila mwalimu wa sarufi atashtuka: mafuta ni ya ngeli ya YA-YA, yanapaswa kuwa mengi. Tunawasihi walimu wasilisahihishe. Kosa hilo la upatanisho ni ushahidi wa kihistoria. Linatuonyesha Kiswahili kilichokuwa kikizungumzwa kambini na sokoni, na watu ambao walikitumia kuwacheka wakubwa wao wapya.

Mwaka 1973 Amin huyohuyo alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mtu anaweza kuelewa kwa nini tangazo hilo halikukipendezesha. Lugha ilipewa cheo katika miaka ileile ambayo sukari ilitoweka mezani. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini bibi wa mwanafunzi wetu hakusoma gazeti la siku hizo.

Turudi jikoni. Jioni ya siku ile tuligawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipika kashata. Pwani kashata hupikwa kwa nazi au kwa njugu, lakini minazi haioti Kampala, kwa hiyo tulitumia karanga zilizokaangwa na kumenywa. Sukari inayeyushwa na maji kidogo sana, inakorogwa hadi ianze kubadilika rangi, karanga na iliki zinatiwa, kisha yote yanamiminwa haraka kwenye sinia iliyopakwa mafuta. Kisu kipite kashata ikiwa bado na joto. Wanafunzi wetu walisimama kubishana kama ni kumimina au kumwaga, na walipokubaliana kwamba kumwaga ni kupoteza, sukari ilikuwa imeshikana na mwiko. Tukavunja kwa nyundo. Vipande vilikuwa na maumbo yasiyo na jina, vikaliwa vyote.

Kundi la pili lilipika kabalagala, na hapa ndipo tulipojifunza sisi walimu. Kabalagala ni chakula cha Uganda hasa: ndizi ndogo tamu zilizoiva kupita kiasi, zikapondwa, zikachanganywa na unga wa muhogo. Maji hayatiwi. Anayetia maji amekwisha haribu. Donge linasukumwa, linakatwa kwa mdomo wa bilauri, linakaangwa. Mabaki ya pembeni hupewa watoto wa nyumba, nao hufinyanga ng'ombe, herufi za majina yao, au sura ya mwalimu wasiyempenda, vyote vikaingia katika mafuta yaleyale.

Mwalimu mmoja kutoka pwani alitumwa kununua ndizi. Alikuwa ametutangulia kusema kwamba kwa kuwa neno ni la Kiswahili hatahitaji msaada. Akafika sokoni, akaonyesha mkungu mkubwa wa kupika na kuomba ndizi. Muuzaji akamwambia hizo si ndiizi, hizo ni matooke. Akaonyesha zile ndefu za kuiva: hizo ni bogoya. Akaonyesha nyingine: hizo ni gonja. Ndiizi, akaelezwa kwa subira, ni hizi ndogo, na jina lake kamili ni ssukaali ndiizi. Yaani maneno mawili ya Kiswahili yameungana, na yule Mswahili hakuyaelewa! Sababu si ngumu. Waganda tayari walikuwa na majina ya ndizi kwa makumi, hawakuhitaji jina la jumla. Neno la wageni lilipofika lilipewa kazi moja ndogo, likakaa hapo. Kisa hiki sasa tunakitumia kila tunapofundisha kufinyika kwa maana.

Safari ya maandazi ni tofauti. Asili yake ni kitenzi andaa, na zamani neno lilitaja chakula kilichotayarishwa, hasa vitu vya unga na vitamu, kabla ya kubaki na kitu kimoja cha kukaangwa. Warwanda waliposikia mandazi walijua kwamba ni wingi, wakajiundia umoja wao: irindazi. Kaimati nayo, ambayo jioni za Ramadhani huwezi kuikosa pwani, ni luqaymat ya Waarabu, maana yake vijitonge. Halua imebaki na jina lake lilelile la Kiarabu lenye maana ya utamu. Imetujia hasa kwa njia ya Oman na Zanzibar: wanga, samli, sukari, iliki na zafarani, ikikorogwa kwa muda ambao wanafunzi wetu hawangeuvumilia.

Yule mwanafunzi wa bibi ndiye aliyekuwa akikaanga. Aliuliza swali ambalo hatukulitegemea: ikiwa Luganda ilichukua mkate, sukari na ndizi, Kiswahili kimechukua nini kwetu? Akapendekeza tuandike kabalagala katika orodha ya msamiati ya darasa kama neno la Kiswahili. Wote wakakubali. Kisha ukazuka ubishi wa ngeli. Wapo waliosema kabalagala hii, kabalagala hizi. Wengine wakashikilia kabalagala hili, makabalagala haya. Mmoja akakumbusha kwamba ka ya mwanzo ni kiambishi cha udogo katika Luganda na Kiswahili sanifu hakina ngeli hiyo. Ubaoni tuliandika I-ZI kwa kura sita dhidi ya tano, na sahani ilipoletwa ili tuhesabu mifano ya wingi, ilikuwa imebaki moja.