Rovu
Neno "rovu" hutaja uvimbe wa shingoni, wala si tezi yenyewe inayovimba, ambayo wanabaiolojia huiita tezi ya thairoidi. Tezi hiyo huchipuka kwenye shina la ulimi katika wiki ya 4 baada ya mimba kutungwa, kisha hushuka hadi mbele ya koo la hewa, ikiacha ulimini kishimo kidogo ambacho mtu huzeeka nacho. Huko shingoni hufyonza iodini kutoka damuni na kuunda thairoksini, homoni (yaani kemikali inayosafiri damuni kuelekeza kazi za viungo vya mbali) yenye atomu 4 za madini hayo. Iodini ikipungua chakulani, tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huichochea thairoidi bila kukoma, nayo hutanuka, rovu likajitokeza.