Kibarua Mwenye Shahada Mbili

Lec mpya akiingia darasani, maswali yetu huwa ni yale yale. Ni mkali? Anaita rejista? Mtihani wake uko aje? Kuna swali moja hakuna mtu huuliza: huyu aliajiriwaje, na ni nani atasema kama anafunza vizuri ama vibaya?

Leo nataka tulijibu kwa historia, na tutaenda mbali kidogo, hadi California. Kule swali hili liliwekwa kwenye sheria, na nambari juu. Ukiijua hiyo nambari, mambo mengi unayoyaona chuoni mwako yataanza kuleta maana.

Tuanze na chuo chenyewe. Marekani kuna vyuo vya jamii. Ni vya miaka miwili, karo yake ni nafuu, na havikufungii mlango kwa sababu ya gredi. Ukimaliza unaweza kutoka na cheti cha kazi, ama uhamie chuo kikuu uanzie mwaka wa tatu. Chuo cha Joliet kule Illinois kilianza 1901. California ikapitisha sheria 1907 ya kuruhusu shule za sekondari kufunza masomo ya juu kidogo, na vyuo vikaota kutoka hapo. Leo jimbo hilo lina vyuo 116 vya aina hii.

Mwalimu wa muda alikuwa na maana yake huko. Nesi anatoka wodini jioni, anakuja kufunza unesi. Mhasibu anafunga ofisi, anakuja kufunza hesabu za biashara. Fundi anaosha mikono, anaingia karakana ya chuo. Wote wana kazi nyingine inayolipa nyumba. Chuo kinapata ujuzi kutoka mtaani, mwalimu anapata pesa ya ziada, na mwanafunzi anafunzwa na mtu anayeijua kazi. Hapo hakuna shida hata kidogo.

Shida ilianza vyuo vilipofurika. Mwaka wa 1960 California ilipanga elimu yake ya juu kwa ngazi. Vyuo vikuu vya juu vingechukua moja ya nane ya wanafunzi bora wa sekondari. Ngazi ya pili ingechukua kutoka theluthi bora. Wengine wote, karibuni vyuo vya jamii. Umati huo unahitaji walimu, na mwalimu wa kudumu ni ghali.

Ndipo 1967 sheria ikaja na nambari yake: asilimia 60. Mwalimu wa chuo cha jamii akifunza asilimia 60 ya saa za mwalimu wa kudumu, ama chini ya hapo, yeye ni wa muda. Hata arudi mwaka baada ya mwaka. Akivuka hapo, anaweza kuanza kudai njia ya kuwa wa kudumu.

Sasa jiweke kwa viatu vya mkuu wa idara. Mzigo kamili ni kama madarasa matano. Asilimia 60 ni matatu. Ukimpa mtu mmoja matano, umejiletea mwalimu wa kudumu, bima na pensheni. Ukigawa madarasa hayo kwa watu wawili, hauna deni na mtu. Wewe ungefanya nini, na bajeti imekatwa? Kumbuka 1978 wapiga kura wa California walipitisha kikomo cha kodi ya mali, Proposition 13, na pesa za vyuo zikabanwa zaidi.

Na mwalimu naye si mjinga. Kikomo kinahesabiwa kwa kila wilaya ya vyuo peke yake, so anachukua matatu hapa, mawili kule, moja kwingine. Anaishia na kazi kuliko mwalimu wa kudumu, na hana ofisi hata moja. Ofisi yake ni buti ya gari.

Ebu angalia milango miwili ya kuingia idara moja. Anayetafuta kazi ya kudumu: nafasi inatangazwa, kamati ya walimu wenzake inakaa, anahojiwa, anafunza darasa la mfano, bodi inapitisha. Halafu anapimwa kwa miaka kabla ya kuthibitishwa. Mwalimu wa muda: kuna orodha ya majina, darasa limekosa mtu, simu inalia. Saa ingine ni siku chache kabla semesta ianze. Na vyeti vinavyotakiwa ni vile vile. Kwa masomo mengi ya kitaaluma ni shahada ya uzamili, yaani shahada mbili kichwani. Darasa ni lile lile, gredi utakayoandikiwa ni ile ile. Mlango tu ndio tofauti.

Je, anapimwa? Kwa sheria, ndiyo. Mwaka wa kwanza lazima apimwe, kisha angalau mara moja kila semesta sita. Mwenzake anaingia darasani kumwangalia, na wanafunzi wanajaza fomu pale inapowezekana. Karatasi inapigwa sahihi, inaingia faili. Sasa uliza: akipata alama safi, anapata nini? Kwa miaka mingi jibu limekuwa, hakuna. Akianguka je? Hakuna anayehangaika kumwandikia barua ya kumfukuza. Simu haitalia semesta ijayo, basi. Sheria hiyo hiyo inasema bodi inaweza kumaliza kazi ya mwalimu wa muda mwisho wa siku ama mwisho wa wiki.

Mwisho wa siku! Sisi tuna neno la mtu kama huyo. Kibarua. Lilitoka kwa barua, kile kikaratasi cha mfanyakazi wa kutwa. Huyu wetu ana shahada mbili, lakini mkataba wake ni wa mtu wa mjengo.

Ukweli ulisemwa wazi mahakamani 1989, kwa kesi ya Cervisi, ya walimu wa muda wa San Francisco. Walitaka malipo ya wasio na kazi wakati wa likizo. Hoja ya upande wa pili ilikuwa kwamba hawa wana kazi, watarudi semesta ijayo. Mahakama ya rufaa ikakataa: kama darasa linaweza kufutwa wanafunzi wakikosa kujiandikisha, huyo mwalimu hana uhakika wa kazi. Yaani chuo kinakutegemea kila semesta, na bado kwa sheria wewe ni mtu asiye na uhakika wa kesho.

Jimbo lilijaribu kurekebisha. Sheria ya 1988 iliweka lengo kwamba asilimia 75 ya mafunzo yatolewe na walimu wa kudumu. Miaka mingi baadaye, jimbo kwa jumla bado halijafika huko. Mwaka wa 2008 asilimia 60 ikapandishwa kuwa 67. Piga hesabu: theluthi mbili ya madarasa matano bado ni matatu. 2021 bunge likataka kuisukuma hadi 80 na zaidi, gavana Gavin Newsom akakataa kutia sahihi, akitaja gharama.

Kwangu mabadiliko ya maana ni ya 2016. Sheria za mwaka huo ziliambia vyuo na vyama vya walimu wakae chini wakubaliane: mwalimu wa muda apimwe kwa utaratibu, na anayefanya vizuri awe mbele kwenye foleni madarasa yakigawiwa. Ni kitu kidogo, lakini kupima kulianza kuwa na matunda.

Mbona nakuambia haya ukiwa Nairobi ama Eldoret? Kwa sababu lec wa muda ni wako pia. Vyuo vyetu vya umma vilipopanua programu za jioni kuanzia mwishoni mwa miaka ya 90, wao ndio walibeba mzigo, na kilio cha kudai malipo ya miezi mingi kimekuwa habari ya kawaida. Mimi niliacha chuo, na kuna unit moja nilifunzwa na watu watatu semesta moja. Fomu ya tathmini ilikuja wiki ya mwisho. Tulimpima wa tatu, aliyekuwa nasi wiki mbili.

Kuna watu watasema tuwafute wote. Hapana. Nesi wa wodini tunamtaka. Tatizo ni kuita kazi ya kila semesta kazi ya dharura, halafu kumpima mtu bila kumwambia akifaulu ataenda wapi. Tangaza nafasi mapema, hata ya madarasa mawili. Mlipe saa za kukaa na wanafunzi. Na tathmini nzuri imletee kitu.

Next time ukipewa ile fomu, usitie alama tu ukimbie lunch. Uliza kwanza inaenda wapi. Kama hakuna anayejua, basi si lec peke yake mnayemfanyia mchezo.