Mbotela na mitaa ya Eastlands: Nyumba nafuu zitamfaa nani?

MTAA wa Mbotela, ulio karibu na Barabara ya Jogoo katika eneobunge la Makadara, ni miongoni mwa mitaa ya Eastlands, Nairobi, iliyojengwa katika miaka ya 1950 ili kuwapa makao Waafrika waliofanya kazi mjini. Ardhi yake ni ya umma, na nyumba zake zilijengwa za kupangisha. Mambo hayo mawili ndiyo yanayofanya mitaa ya aina hii kutajwa kila serikali inapotafuta mahali pa kujenga nyumba za bei nafuu. Ndiyo pia yanayowatia wapangaji wake wasiwasi.

Mtaa huo ulipewa jina la Tom Mbotela, mmoja wa viongozi wa chama cha KAU, aliyeuawa jijini Novemba 1952, wiki chache tu baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari. Alikuwa mwana wa James Mbotela, mwandishi wa kitabu ‘Uhuru wa Watumwa’ kilichochapishwa mwaka 1934. Mitaa jirani inayobeba jina la Ofafa nayo inamkumbuka Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953.

Wakoloni hawakukusudia Mwafrika awe na nyumba yake Nairobi. Alitarajiwa kufanya kazi, kulipa kodi ya chumba na hatimaye kurudi kwao mashambani. Baada ya uhuru, nyumba hizo zilibaki mikononi mwa Baraza la Jiji, na tangu 2013 ziko chini ya Serikali ya Kaunti ya Nairobi. Kodi ilibaki chini mno ikilinganishwa na ya soko. Hilo liliwasaidia wapangaji, lakini fedha zilizokusanywa hazikutosha kukarabati majumba, mabomba na mitaro ya majitaka. Kotekote Eastlands, vibanda vya mabati vilizuka nyuani, na baadhi ya waliosajiliwa kama wapangaji wakawapangisha wengine.

Juhudi za serikali

Si kwamba serikali haikujaribu. Sera ya kwanza ya nyumba baada ya uhuru iliandaliwa mwaka 1966/67, na Shirika la Kitaifa la Nyumba likapewa jukumu la kujenga. Katika miaka ya 1970, Benki ya Dunia ilifadhili mradi wa Dandora, ambapo wananchi walipewa ploti zenye maji na vyoo ili wajijengee wenyewe kidogo kidogo. Buruburu na Umoja zilijengwa za kuuzwa, na wengi wa walionunua wakawa watu wenye mishahara ya kutegemewa. Mwenye kipato cha chini alibaki nyuma, au aliuza nafasi yake kwa aliyemzidi uwezo.

Sera ya nyumba ya mwaka 2004 ilikadiria kwamba miji ya Kenya ilihitaji nyumba mpya 150,000 kila mwaka. Zilizojengwa zilikuwa sehemu ndogo tu ya idadi hiyo. Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 43, ikampa kila mtu haki ya makao yanayofaa. Desemba 2017, Rais Uhuru Kenyatta aliahidi nyumba 500,000 katika Ajenda Nne Kuu, lengo ambalo halikufikiwa.

Serikali ya Rais William Ruto ilianzisha ushuru wa nyumba mwaka 2023: asilimia 1.5 ya mshahara wa mfanyakazi, na kiasi sawa kutoka kwa mwajiri. Mtu anayelipwa Sh30,000 kwa mwezi hukatwa Sh450, naye mwajiri huongeza Sh450. Mahakama Kuu iliuharamisha ushuru huo Novemba 2023, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba uliwabana waliokuwa na ajira rasmi pekee. Bunge likapitisha sheria mpya, iliyotiwa saini Machi 2024, na makato yakaendelea.

Hesabu ya mpangaji

Sheria hiyo ya 2024 imetenga nyumba za kijamii kwa wanaopata chini ya Sh20,000 kwa mwezi. Mei 2025, Rais Ruto aliwakabidhi wanunuzi wa kwanza funguo katika mradi wa Mukuru, ambapo malipo ya nyumba ya chumba kimoja yaliwekwa kuwa Sh3,900 kwa mwezi. Kwa kipimo cha kawaida kwamba makao yasile zaidi ya asilimia 30 ya mapato, anayelipa kiasi hicho anapaswa kupata angalau Sh13,000, na azipate kila mwezi bila kukosa. Kwa mchuuzi, fundi au kibarua, ambaye mapato yake hupanda na kushuka, ugumu mara nyingi uko katika hilo la mwisho, na pia katika kupata amana ya kuanzia.

Pangani, mtaa mwingine mkongwe wa kaunti, unaonyesha manufaa yanayoweza kupatikana. Familia 48 zilihama ili kupisha mradi wa nyumba zaidi ya 1,500. Ardhi ile ile ikabeba watu wengi zaidi, na waliohama waliahidiwa nafasi katika majengo mapya. Hata hivyo, mitaa ya Eastlands ina maelfu ya wapangaji. Kuwahamisha wote, kuwatafutia pa kuishi wakati wa ujenzi na kuhakikisha wanarudi ni kazi kubwa mno kuliko ile ya Pangani.

Wapangaji wa muda mrefu wana hoja nyingine. Wanasema familia zao zimelipa kodi kwa vizazi, kwa hivyo walistahili kuuziwa nyumba hizo zamani. Wanaopinga hoja hiyo hujibu kwamba ardhi iliyo karibu hivi na katikati ya jiji ni ya wakazi wote wa Nairobi, na kuigawa kwa wachache kungewanyima wengi makao.

Hoja hizo mbili zinaweza kupatanishwa ikiwa mambo matatu yataandikwa kabla ya tingatinga kufika. La kwanza ni sajili ya wakazi inayomtambua pia mpangaji wa mpangaji. La pili ni hati ya kumhakikishia kila aliyehamishwa nafasi ya kurudi. La tatu ni idadi ya nyumba zitakazobaki za kupangishwa kwa kodi ya chini. Bila hili la mwisho, asiyeweza kununua atasukumwa katika vibanda vya Mukuru au vyumba vya Kayole, na idadi ya nyumba itaongezeka huku aliyezihitaji zaidi akiwa hana makao.