Deborah Mailman: Kutoka uwanja wa rodeo hadi jukwaa la Shakespeare

MWAKA 1972 watazamaji wa luninga nchini Australia walianza kuonyeshwa tamthilia ya upelelezi iliyoitwa Boney. Mhusika wake mkuu alikuwa mpelelezi mwenye damu ya Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Aliyepewa nafasi hiyo, hata hivyo, alikuwa Mzungu mzaliwa wa New Zealand, James Laurenson, ambaye alipakwa rangi ili ngozi yake ionekane nyeusi.

Mwaka huohuo, Julai 14, alizaliwa mtoto wa kike katika mji wa Mount Isa, jimbo la Queensland. Mtoto huyo, Deborah Jane Mailman, ndiye aliyekuja kuwa mwigizaji wa kwanza wa kike wa Kiaborijini kutwaa tuzo ya mwigizaji bora wa filamu nchini mwake. Leo hii jina lake hutajwa miongoni mwa waigizaji wakubwa wa jukwaa, filamu na luninga nchini Australia.

Mount Isa si mji wa wasanii. Ni mji wa machimbo ya risasi, fedha na zinki, na hadi mwaka 2025 pia ya shaba, ulioanzishwa baada ya madini kugunduliwa mwaka 1923, nao uko kaskazini magharibi mwa Queensland, mwendo wa takriban kilomita 1,800 kwa barabara kutoka Brisbane, makao makuu ya jimbo. Nje ya machimbo, mji huo unajulikana kwa jambo jingine moja tu: mashindano ya rodeo, ambayo washiriki hupanda farasi na mafahali wakali wasiozoeshwa na kujaribu kutoangushwa. Mashindano hayo yalianza mwaka 1959 na huvuta watu kutoka pande zote za nchi.

Baba yake, Wally Mailman, alikuwa mpanda farasi wa rodeo, Mwaborijini wa kabila la Bidjara. Mama yake, Jane, ni Mmaori wa ukoo wa Ngati Porou kutoka New Zealand. Baba alipata kazi ya uangalizi wa uwanja wa rodeo wa Mount Isa, na familia, yenye watoto watano, ikaishi hapohapo uwanjani. Kwa hiyo vumbi, mazizi na makelele ya mashabiki ndiyo mazingira aliyokulia msichana huyo kabla hajaona jumba la michezo ya kuigiza.

Ili kuelewa safari yake ni lazima kukumbuka hali ya nchi ilivyokuwa. Ni miaka mitano tu kabla ya kuzaliwa kwake, katika kura ya maoni ya mwaka 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa Australia walikubali katiba ibadilishwe ili Waaborijini wahesabiwe katika sensa kama raia wengine. Katika sanaa hali haikuwa bora. Filamu ya Jedda ya mwaka 1955 iliwapa Waaborijini wawili, Rosalie Kunoth na Robert Tudawali, nafasi za mbele, lakini hata humo nafasi ya kijana chotara aliigiza Mzungu aliyepakwa rangi. Baada ya hapo mlango ulifungwa tena kwa muda mrefu.

Mailman alisomea uigizaji katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Queensland, mjini Brisbane, akahitimu mwaka 1992. Ulikuwa mwaka wa aina yake. Juni 3, 1992, Mahakama Kuu ya Australia ilitoa hukumu katika kesi ya Eddie Mabo, mwenyeji wa visiwa vya Torres Strait, na kuifuta dhana kwamba ardhi ya nchi hiyo haikuwa na mwenyewe Waingereza walipowasili. Mabo mwenyewe hakuisikia hukumu hiyo. Alikuwa amefariki dunia Januari ya mwaka huo.

Kwa mhitimu mweusi wa uigizaji, swali lilikuwa la kawaida kabisa: kazi iko wapi? Nafasi zilizoandikwa kwa ajili ya Waaborijini zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, nazo nyingi zilikuwa za watumishi, walevi au waathirika. Mailman hakusubiri kuandikiwa. Mjini Brisbane kulikuwa na kikundi cha michezo ya kuigiza cha Waaborijini kilichoitwa Kooemba Jdarra, kikiongozwa na mtunzi na mwongozaji kijana, Wesley Enoch. Wawili hao wakaketi na kuandika mchezo wao wenyewe.

Mchezo huo, The 7 Stages of Grieving, ulipanda jukwaani mjini Brisbane mwaka 1995, na ndio unaostahili kutazamwa kwa makini kuliko kazi zake nyingine zote za awali. Watu wengi huanza kumtaja Mailman kwa filamu iliyomletea tuzo. Wanaanzia mbali mno. Kila alichokifanya baadaye mbele ya kamera, kuanzia ucheshi unaojitokeza katikati ya msiba hadi uwezo wa kumkazia macho mtazamaji bila kutamka neno, kilikwishaonekana katika mchezo huu.

Mhusika ni mmoja tu, anayeitwa Mwanamke. Juu ya jukwaa huning'inizwa pande kubwa la barafu ambalo huyeyuka polepole na kudondokea udongo mwekundu wakati mchezo ukiendelea. Mwanamke huyo anasimulia, anaimba, anatania na kuomboleza. Anafungua sanduku lililojaa picha za jamaa zake. Anaigawa michanga katika mafungu ili kuonyesha jinsi ukoo unavyopangwa, na kinachotokea watoto wanapoondolewa katikati ya mafungu hayo. Sehemu moja inahusu maandamano ya kimya yaliyofanyika Brisbane baada ya kijana wa miaka 18, mcheza ngoma, kufariki mikononi mwa polisi mwaka 1993.

Hatua saba zinazotajwa katika jina la mchezo si za majonzi ya mtu mmoja pekee. Watunzi walizioanisha na vipindi saba vya historia ya Waaborijini: enzi za asili, uvamizi, mauaji ya halaiki, kuwekwa chini ya ulinzi, kulazimishwa kufanana na Wazungu, kujitawala na maridhiano. Hata hivyo mchezo haukuwa somo la historia. Watazamaji walicheka, na baada ya dakika moja wakajikuta wamenyamaza. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri yake.

Sambamba na hayo, Mailman alikuwa akijenga upande mwingine wa kazi yake, ambao pengine ndio uliowashangaza wengi zaidi. Aliingia katika michezo ya Shakespeare, si kama kijakazi wa kupita jukwaani, bali katika nafasi kubwa. Mwaka 1998 alikuwa Cordelia katika King Lear ya kampuni ya Bell Shakespeare, chini ya mwongozaji Barrie Kosky, huku John Bell akiwa mfalme. Mwaka uliofuata Neil Armfield, wa kampuni ya Belvoir mjini Sydney, alimpa nafasi ya Rosalind katika As You Like It, ambayo ni miongoni mwa nafasi ndefu zaidi alizowahi kuandikiwa mwanamke na mtunzi huyo wa Kiingereza.

Nafasi hizo zilikuwa na maana yake. Binti wa mfalme wa Uingereza ya kale aliigizwa na Mwaborijini kutoka mji wa machimbo, na hapakuwa na mstari hata mmoja uliobadilishwa ili kueleza rangi yake. Ilikuwa ni kinyume cha Boney: hakuna aliyepakwa rangi, na hakuna aliyelazimika kujifanya mtu mwingine ila kwa njia ileile ambayo kila mwigizaji hujifanya mtu mwingine.

Mwaka huohuo wa 1998 ilitoka filamu yake ya kwanza, Radiance, iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa Louis Nowra. Ilikuwa pia filamu ndefu ya kwanza ya simulizi ya mwongozaji Rachel Perkins, binti wa Charles Perkins, mwanaharakati aliyeongoza msafara wa basi wa mwaka 1965 wa kupinga ubaguzi katika miji midogo ya New South Wales. Filamu inahusu ndugu watatu wa kike wanaokutana kwa ajili ya mazishi ya mama yao kaskazini mwa Queensland, na siri ambazo mama huyo hakuondoka nazo kaburini. Mailman alikuwa Nona, mdogo wao, msichana mchangamfu asiyejua nusu ya historia yake mwenyewe.

Nafasi hiyo ilimpatia tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya Taasisi ya Filamu ya Australia (AFI). Ilikuwa imepita miaka 43 tangu Jedda.

Sura yake ikaanza kuzoeleka majumbani. Aliendesha Play School, kipindi cha watoto cha Shirika la Utangazaji la Australia (ABC), ambacho vizazi vya watoto wa nchi hiyo vimekua navyo tangu mwaka 1966. Kisha mwaka 2001 ikaja tamthilia ya The Secret Life of Us, kuhusu vijana wanaoishi katika jengo moja la ghorofa huko St Kilda, Melbourne. Mailman alikuwa Kelly, msichana anayehangaika na mapenzi, kazi na marafiki. Kelly hakuletwa kwenye hadithi ili aeleze matatizo ya watu weusi. Alipika, alilia, aliachwa na wapenzi, kama wenzake. Mwaka 2002 alipata kwa nafasi hiyo tuzo ya Logie ya mwigizaji bora wa kike, ambayo ni tuzo kubwa ya luninga nchini humo.

Katika mwaka huohuo alionekana kwa muda mfupi, lakini kwa namna isiyosahaulika, katika Rabbit-Proof Fence ya mwongozaji Phillip Noyce. Filamu hiyo inasimulia kisa cha kweli cha mwaka 1931 cha wasichana watatu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao, wakatoroka kambini na kutembea kwa miguu takriban kilomita 2,400 kurudi nyumbani. Mailman aliigiza Mavis, mtumishi wa ndani anayewaficha wasichana hao huku yeye mwenyewe akiwa hana pa kukimbilia. Watoto walioondolewa kwa njia hiyo huitwa Kizazi Kilichoibwa, na serikali ya nchi hiyo iliwaomba radhi rasmi Februari 13, 2008, kupitia Waziri Mkuu Kevin Rudd.

Mailman hakuwahi kuliacha jukwaa kwa sababu ya kamera. Mwaka 2004 alikuwa miongoni mwa waigizaji wa kwanza wa The Sapphires, mchezo wa Tony Briggs kuhusu waimbaji wa kike wa Kiaborijini wanaokwenda kuwatumbuiza wanajeshi wa Marekani katika vita vya Vietnam. Ulipogeuzwa filamu mwaka 2012, alirudi akiwa Gail, dada mkubwa mwenye ulimi mkali. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Mwaka huohuo alikutana tena na Rachel Perkins katika filamu ya luninga ya Mabo, akiigiza Bonita, mke wa mtu ambaye kesi yake ilihukumiwa mwaka ambao yeye alihitimu chuo.

Nafasi zilizofuata zilikuwa nzito zaidi. Kuanzia mwaka 2019 hadi 2024 aliongoza tamthilia ya Total Control, akiwa Alex Irving, mwanamke wa Kiaborijini anayeteuliwa kuwa seneta na waziri mkuu anayetaka kumtumia kwa manufaa yake. Waziri mkuu huyo aliigizwa na Rachel Griffiths. Oktoba 14, 2023, kabla ya awamu ya mwisho kurushwa, wapiga kura wa Australia walikataa kwa takriban asilimia 60 pendekezo la kuunda chombo cha kikatiba cha kuwasilisha sauti ya wenyeji wa asili bungeni. Katika sensa ya mwaka 2021 wenyeji hao walikuwa asilimia 3.2 ya watu wote.

Mwaka 2023 alicheza pia pamoja na Cate Blanchett katika The New Boy, filamu ya Warwick Thornton, wote wawili wakiwa watawa wanaolea watoto yatima katika miaka ya 1940.

Ule mchezo wa barafu na udongo mwekundu nao haujawekwa kabatini. Husomwa na wanafunzi katika shule za Australia, na nafasi ya Mwanamke imekwishaigizwa na waigizaji wengine wa Kiaborijini, akiwamo Ursula Yovich na Chenoa Deemal.