Vidole vya tabibu vinavyopima uti wa mgongo

KABLA ya kunyoosha mgongo wa mgonjwa, tabibu wa kairopraktiki huupapasa kwa ncha za vidole. Tiba hiyo ya mikono iliasisiwa na Daniel David Palmer mjini Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, na hadi leo upapasaji ni nguzo ya uchunguzi wake.

Uti wa mgongo una pingili 24 zinazojongea: 7 za shingo, 12 za nyuma ya kifua na 5 za kiuno. Tabibu huanza kwa kutafuta alama. Mgonjwa akiinamisha kichwa, mfupa unaochomoza chini ya shingo kwa kawaida ni pingili ya saba. Kiunoni, mstari unaounganisha kingo za juu za mifupa ya nyonga hupita karibu na pingili ya nne.

Mgonjwa akiwa amelala kifudifudi, vidole husaka joto, uvimbe, misuli iliyokaza na mahali panapouma. Kisha huketishwa, mikono ikiwa imekunjwa kifuani. Tabibu humpinda na kumzungusha taratibu kwa mkono mmoja, huku kidole gumba cha mkono wa pili kikihisi iwapo kila pingili inacheza ipasavyo.

Ubishi uko katika hatua hii ya mwisho. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2004 katika jarida la Spine yalionyesha kuwa wapimaji hukubaliana zaidi kuhusu mahali panapouma kuliko kuhusu pingili iliyokakamaa. Si ajabu, kwani maumivu husemwa na mgonjwa mwenyewe, ilhali ukakamavu hukadiriwa na kidole. Kwa hiyo, anayeambiwa kuwa pingili fulani "imehama" kwa ushahidi wa vidole pekee, ana haki ya kuuliza zaidi.

Kuna maradhi ambayo vidole haviwezi kuyathibitisha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unataja kifua kikuu cha uti wa mgongo, uvimbe wa saratani na mifupa iliyovunjika miongoni mwa hali zinazokataza kunyooshwa kwa nguvu. Mwenye maumivu ya mgongo yanayoambatana na homa, kukonda au jasho la usiku anapaswa kupimwa hospitali kwanza. Anayeshindwa kuzuia mkojo, au kupatwa na ganzi sehemu za siri, apelekwe siku hiyo hiyo.